Mikono Inayomzunguka Mzazi: Uzazi na Unyonyeshaji Katika Wote na Viunga Vyake

Utangulizi

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asimbeze yule ambaye huenda akamhitaji kesho. Matumizi hayo ya kitamathali yameenea kiasi cha kuifunika maana ya msingi ya maneno yenyewe, ambayo ni nzito vilevile. Maana hiyo ni kwamba mwanamke hajifungui peke yake, na kwamba jamii inayowadharau wanaomsaidia inajidhuru yenyewe, kwa kuwa uzazi haukomi.

Makala haya yanairejelea methali hiyo katika maana yake ya msingi na kuitumia kuangazia hali ya mzazi katika mji wa Wote na viunga vyake, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Yanaeleza ni akina nani wanaomzunguka mwanamke tangu uchungu unapomshika hadi mtoto anapotimiza miezi sita, kila mmoja wao ana kazi gani, na ni wapi ambapo mnyororo huo hukatika. Hoja inayotetewa ni kwamba hospitali, ingawa haina badala, hutoa sehemu moja tu ya msaada anaouhitaji mzazi. Sehemu nyingine hutoka kwa watu wasiolipwa mshahara wala kuvaa sare, nayo ndiyo ambayo mipango mingi huisahau.

Yafaa kwanza neno lenyewe lifafanuliwe. Katika matumizi ya kawaida, mzazi ni baba au mama wa mtu. Hata hivyo, katika mwambao wa Afrika Mashariki neno hilo pia humtaja mwanamke aliyejifungua karibuni na ambaye angali katika siku zake arubaini. Katika siku hizo hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na huondolewa kazi nzito za nyumbani. Kwa maana hii, kuwa mzazi ni kipindi chenye mipaka na haki zake. Makala haya yanalitumia neno hilo kwa maana hiyo ya pili, kwani ndiyo inayobeba kiini cha mjadala.

Majina kama kumbukumbu za uzazi

Katika Ukambani, historia ya uzazi imehifadhiwa ndani ya majina ya watu. Mutuku na Nduku ni majina ya mwana wa kiume na wa kike waliozaliwa usiku. Kioko alizaliwa asubuhi. Wambua, na kwa upande wa wasichana Mumbua au Syombua, walikuja na mvua. Mueni ni mgeni. Kyalo ni safari, na aliyepewa jina hilo kwa mara ya kwanza alizaliwa wakati wa safari. Musyoka hutokana na kitenzi chenye maana ya kurudi, nalo humkumbusha msikilizaji kuwa aila ilifiwa kabla ya kujaliwa.

Leo majina haya hurithiwa kutoka kwa babu na nyanya, kwa hiyo si kila Kyalo aliyezaliwa njiani. Hata hivyo, yakisomwa kwa pamoja huwa mfano wa daftari la mkunga: saa ya kuzaliwa, hali ya hewa, mahali, na waliotangulia mbele ya haki. Aidha, yanabainisha mambo yaleyale ambayo wataalamu wa afya ya uzazi wanayachunguza hadi sasa. Usiku ni wakati ambapo usafiri ni adimu. Mvua ndiyo hujaza mito ya msimu ambayo kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu. Safari ni umbali ulioko baina ya nyumba ya mzazi na mtu mwenye ujuzi.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mnamo mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi ambao umekuwa msingi wa mijadala mingi kuhusu vifo vya kina mama. Walieleza kwamba mara nyingi mwanamke mwenye matatizo ya uzazi hufa kwa sababu ya kuchelewa, na wakaugawa ucheleweshaji huo katika aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Aina ya kwanza hutokea nyumbani. Si ajabu mume akawa anafanya kazi Nairobi au Mombasa, na uamuzi ukamngoja apokee simu. Pengine mama mkwe huamini kuwa uchungu wa siku nzima ni jambo la kawaida kwa mimba ya kwanza. Dalili za hatari hazijulikani au hupuuzwa: kutokwa na damu, kuumwa na kichwa kikali kinachoambatana na kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, au chupa kupasuka muda mrefu kabla ya uchungu kuanza. Katika hatua hii anayemwokoa mzazi ni yeyote aliye karibu naye na anayezijua dalili hizo.

Aina ya pili hutokea barabarani. Makueni ni kaunti ya vilima na nyanda kavu. Upande mmoja kuna miinuko ya Mbooni na Kilungu yenye njia za kupindapinda. Upande mwingine kuna nyika za Kathonzweni na Kibwezi ambako nyumba zimetawanyika. Usiku, chombo kinachopatikana upesi mara nyingi ni bodaboda, na mama mwenye uchungu hupakiwa baina ya mwendeshaji na jamaa anayemshikilia kwa nyuma. Safari ya namna hiyo ni ya hatari, lakini kwa familia nyingi ndiyo iliyopo. Ndiyo sababu wahudumu wa afya huwahimiza wajawazito kuandaa mpango wa kujifungua mapema: mahali pa kujifungulia, nauli iliyowekwa kando, nambari ya mwendeshaji anayeaminika, na jina la mtu atakayesindikiza.

Aina ya tatu hutokea ndani ya kituo cha afya chenyewe. Mama anaweza kufika mapema akakuta hakuna damu ya kuongezwa, hakuna daktari wa upasuaji, au hakuna muuguzi aliyetambua kuwa damu inayomtoka imepita kiasi. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huweza kumuua mwanamke mwenye afya njema katika muda wa saa chache, na jicho pekee hukosea kukisia kiasi chake. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa tatizo hili lina suluhisho. Mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo huwekwa chini ya mzazi ili kupima damu, na kipimo kikizidi, hatua zote za tiba huchukuliwa kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Matukio ya damu kutoka kwa kiwango cha hatari na madhara yake makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Kutoka kwa mkunga wa jadi hadi hospitali ya Wote

Hadi mwaka 1992 Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Katika vijiji vyake, kama ilivyokuwa kwingineko nchini, wanawake wengi walijifungulia nyumbani mikononi mwa wakunga wa jadi. Hawa walikuwa wanawake wa makamo waliojifunza kwa kutazama na kutenda, na waliojulikana kwa familia husika tangu zamani. Mkunga alimkanda mama, alimtuliza, alimwelekeza jinsi ya kukaa, alikata kitovu, alizika kondo la nyuma na kubaki kumtunza mtoto. Alichokosa ni uwezo wa kuzuia damu isiyokoma, kushusha shinikizo la damu lililopanda, au kumtoa mtoto aliyekwama. Alipokutana na mambo hayo, ujuzi wake ulifika ukingoni.

Mnamo Februari 1987 mkutano wa kimataifa ulifanyika Nairobi na kuzindua harakati za uzazi salama duniani. Kwa muda, mkakati mmoja ulikuwa kuwapa wakunga wa jadi mafunzo mafupi. Baadaye mwelekeo ulibadilika, na mkazo ukawekwa kwa kila mwanamke kuhudumiwa na muuguzi, mkunga au daktari aliyesomea kazi hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilitamka kuwa kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Tarehe 1 Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika vituo vya umma, na mpango huo baadaye ukaendeshwa kwa jina la Linda Mama.

Makueni nayo ilichukua hatua zake. Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha mpango wa MakueniCare, ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Katika kipindi chake cha ugavana, kilichokoma mwaka 2022, hospitali ya mama na mtoto ilijengwa pia mjini Wote, karibu na hospitali ya rufaa ya kaunti.

Matokeo ya jitihada za kitaifa yanaonekana katika takwimu. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2008 hadi 2009 ulionyesha kuwa asilimia 44 ya uzazi ilisimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi. Kufikia utafiti wa mwaka 2014 kiwango kilikuwa asilimia 62, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 89. Haya ni mabadiliko makubwa katika muda usiozidi miaka kumi na mitano.

Hata hivyo, takwimu nyingine katika tafiti hizohizo inasimulia hadithi tofauti. Watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa kwanza, wakapanda hadi asilimia 61 mwaka 2014, kisha wakabaki asilimia 60 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, kati ya mwaka 2014 na 2022 wanawake waliojifungua kwa msaada wa wenye ujuzi waliongezeka sana, lakini unyonyeshaji wa maziwa pekee haukusogea. Mlango wa hospitali ulifunguliwa kwa wengi zaidi. Kilichowasubiri nyumbani hakikubadilika kwa kasi hiyo. Pengo hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Mwenzi katika chumba cha kujifungulia

Uzazi ulipohamia hospitalini, kuna kitu kilichoachwa mlangoni. Kijijini, mwanamke mwenye uchungu alizungukwa na watu aliowajua. Hospitalini, katika wodi nyingi, jamaa huambiwa wabaki nje, na muuguzi mmoja huwa na wagonjwa kadhaa kwa wakati mmoja. Mama hubaki na maumivu yake, akimsikiliza mwenzake anayelia katika kitanda cha pili.

Suala hili si la hisia tu. Mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyohusu zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kuwa wanawake waliokuwa na mtu wa kukaa nao mfululizo wakati wa uchungu walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi, na upasuaji ulikuwa mchache. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe wakati wote wa kujifungua. Sababu za kimwili zinaeleweka. Uchungu huendeshwa na homoni iitwayo oksitosini. Hofu kubwa huuchochea mwili kutoa adrenalini, na adrenalini hukinzana na kazi ya oksitosini. Mkono unaoushika mkono wa mzazi, kwa hiyo, una kazi halisi katika mwili wake.

Suala la pili ni heshima. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya afya nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya watano aliripoti kutendewa vibaya kwa namna fulani wakati wa kujifungua: kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yake, au kuvunjiwa faragha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma ilimpa mwanamke mmoja aliyejifungulia sakafuni fidia ya shilingi milioni 2.5, na kuamua kuwa haki na utu wake vilikiukwa. Uamuzi huo uliweka wazi kwamba kudai heshima wakati wa uzazi ni kudai haki ya kikatiba. Mwanamke aliyedhalilishwa mara ya kwanza huenda asirudi mara ya pili, na hapo ucheleweshaji wa aina ya kwanza huanza upya.

Lugha nayo ni sehemu ya heshima hiyo. Mama wa Makueni huongea Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni, na hukuta Kiingereza katika kadi na maelezo ya daktari. Mtu anapoelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba njia imefunguka kwa kiasi fulani, kwamba kondo la nyuma bado halijatoka, au kwamba anahitaji kupasuliwa kwa sababu mapigo ya moyo wa mtoto yamepungua, huweza kukubali au kuuliza swali. Asipoelezwa, hutia sahihi bila kujua anachokikubali. Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa mambo haya yote, na wanafunzi wa lugha wana wajibu wa kuutafiti, kuusanifisha na kuufikisha kwa wauguzi.

Mkunga wa jadi ana nafasi hapa. Sera ya afya haimruhusu tena kuzalisha, na kuna sababu nzuri za uamuzi huo. Lakini ujuzi wake wa kumsindikiza mama, kumtuliza, kumkanda mgongo na kumfariji haujapitwa na wakati. Mkunga anayemleta mama hospitalini na kuruhusiwa kuketi kando yake huunganisha tena vitu viwili ambavyo historia ilivitenganisha, yaani ujuzi wa tiba na ukaribu wa mtu. Anayemfukuza langoni ndiye aliyesahau methali.

Siku tatu za kwanza

Mwanazuoni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba Wakamba walimpa mtoto jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Siku iliyofuata baba alimvisha mkufu wa chuma shingoni. Kabla ya hapo mtoto alihesabiwa kuwa angali wa ulimwengu wa mizimu. Baada ya hapo alikuwa binadamu kamili miongoni mwa walio hai.

Mila hiyo ilikuwa na chanzo chake katika imani, lakini hesabu yake ya siku inakaribiana sana na hesabu ya tiba. Saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya mzazi kutokwa na damu. Kati ya watoto wachanga wanaofariki katika mwezi wa kwanza duniani, karibu robo tatu hufariki katika wiki ya kwanza. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama na mtoto wachunguzwe katika saa 24 za kwanza, kisha baina ya saa 48 na 72, ambayo ndiyo siku ya tatu, halafu kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na tena katika wiki ya sita.

Siku ya tatu pia ni siku ya maziwa. Katika siku mbili za mwanzo matiti hutoa dang'a, yaani maziwa machache, mazito na ya rangi ya manjano. Katika jamii nyingi dang'a imewahi kukamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu au maziwa yaliyooza. Ukweli ni kinyume chake. Dang'a ina kinga nyingi dhidi ya maradhi pamoja na vitamini A, na uchache wake unalingana na tumbo la mtoto wa siku moja, ambalo hutosheka kwa kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chai kwa kila mlo. Maziwa mengi huja baina ya siku ya pili na ya nne. Mtoto akinyonya mapema, ikiwezekana katika saa ya kwanza, na akinyonya mara kwa mara, maziwa hayo huja upesi.

Ni katika siku hizo hizo ambapo wazazi wengi hushindwa. Matiti hujaa na kuuma. Mtoto asiposhika ziwa vizuri, chuchu huchubuka. Mama huona maziwa ni machache, na mtu mwenye nia njema huleta maji ya sukari. Mtoto akishiba maji hunyonya kidogo, na matiti yasiponyonywa hutengeneza maziwa kidogo zaidi. Hivyo dhana ya upungufu huzaa upungufu wa kweli. Tiba yake kwa kawaida haihitaji dawa. Huhitaji mtu anayejua kumwonyesha mama jinsi mtoto anavyopaswa kufungua kinywa wazi, kushika sehemu kubwa ya ngozi nyeusi inayoizunguka chuchu, na kugusa titi kwa kidevu. Tatizo ni kwamba, siku ya tatu inapofika, mama aliyejifungua bila matatizo huwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi yuko Wote. Mama yuko kijijini.

Pia roho ya mzazi huhitaji kuangaliwa. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na hupita. Huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, kumwona mtoto kama mzigo, au kutamani kufa ni ugonjwa unaotibika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano huugua maradhi ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Kumwita mama huyo mvivu au asiyempenda mwanawe ni kumwongezea uchungu baada ya uchungu.

Miezi sita na mwethya

Ushauri wa kunyonyesha maziwa pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji, huonekana mwepesi unapoandikwa ukutani mwa kliniki. Hesabu rahisi inaonyesha ugumu wake. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili katika saa 24. Kila mara ikichukua dakika 20 hadi 30, jumla yake ni karibu saa tatu hadi sita kila siku. Isitoshe, mwili wa mama unayahitaji maji zaidi na nguvu za ziada za chakula zinazokadiriwa kuwa kilokalori 500 kwa siku.

Saa hizo zitatoka wapi? Mwanamke wa Makueni huteka maji, hukata kuni, hupalilia na kuchunga. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani, hazimngojei mzazi. Shamba lisipopaliliwa kwa wakati, kaya hulala njaa miezi ijayo. Mama hulazimika kumwacha mtoto kwa nyanya na kwenda shambani. Mtoto akilia, nyanya humpa uji mwembamba. Hakuna aliyekosa upendo katika tukio hilo, na wala si ujinga peke yake uliolisababisha. Kilichokosekana ni mikono.

Sheria za Kenya zimewakumbuka baadhi ya wazazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili na baba wiki mbili. Sheria ya mwaka 2012 inadhibiti utangazaji wa maziwa ya kopo kwa watoto wachanga. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kutenga vyumba vya kunyonyeshea. Sheria hizi ni njema, lakini mbili kati yake humlinda mwenye mwajiri. Mkulima wa Kathonzweni na mwuza maembe wa soko la Wote hawana wa kuwapa likizo. Likizo yao ya uzazi hutolewa na majirani, au haitolewi kabisa.

Ni katika muktadha huu ambapo mwethya unapata umuhimu mpya. Mwethya ni desturi ya Wakamba ya kukusanyika na kufanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja, na kwa miongo mingi wanachama wake wengi wamekuwa wanawake. Kwa nguvu za vikundi hivyo, Machakos na Makueni zilijengewa matuta ya kuzuia mmomonyoko, yale yaitwayo fanya juu, ambayo yalipata kusifiwa katika kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994. Jamii iliyoweza kuuzuia udongo wa vilima vyake usichukuliwe na mvua ina mfumo tayari wa kumwezesha mama kuketi na kunyonyesha. Kinachohitajika ni uzazi kuhesabiwa kuwa zamu: kikundi kikubali kwamba mwanachama aliyejifungua atatekewa maji, ataletewa kuni, na shamba lake litapaliliwa kwa miezi sita, naye atalipa kwa zamu yake mwenzake atakapojifungua.

Mama anayelazimika kutoka anaweza kusaidiwa pia na ujuzi mdogo wa kukamua maziwa kwa mkono safi na kuyahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko. Maziwa hayo hukaa salama kwa saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25. Kwa kuwa joto la mchana katika nyanda za Kibwezi huzidi kiwango hicho, yafaa yawekwe mahali penye ubaridi na yatumiwe mapema, kwa kikombe badala ya chupa iliyo vigumu kuisafisha.

Kiungo baina ya mwethya na hospitali kipo. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii takribani 100,000 kote nchini, wanaotembelea kaya kijijini. Mhamasishaji anayefika siku ya tatu, akatazama jinsi mtoto anavyoshika ziwa, akamuuliza mama kuhusu damu, homa na usingizi, hulijaza pengo ambalo hospitali haiwezi kulijaza. Changamoto nyingine ni ya malipo. Tangu Oktoba 2024 Linda Mama imetoweka na nafasi yake kuchukuliwa na Linda Jamii chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambapo kaya hutakiwa kusajiliwa na kulipa michango ili ihudumiwe hospitalini. Mjamzito asiyelijua hilo mapema hulijua akiwa na uchungu, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kujaza fomu. Kumkumbusha ni kazi ya mhamasishaji, ya kikundi, na ya mume.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mzazi huzungukwa na mikono mingi: jamaa anayetambua dalili za hatari, mwendeshaji wa bodaboda, muuguzi, daktari, mwenzi wa kando ya kitanda, mhamasishaji wa siku ya tatu, na majirani wa miezi sita. Kenya imepiga hatua kubwa katika kumfikisha mzazi hospitalini. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo 355 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na unyonyeshaji wa maziwa pekee umesimama mahali ulipokuwa mwaka 2014. Hatua inayofuata haitapatikana kwa majengo pekee.

Inapendekezwa, basi, kwamba hospitali zimruhusu kila mama kuingia na mwenzi aliyemchagua. Kwamba wakunga wa jadi wapokelewe kama wasindikizaji. Kwamba ziara ya siku ya tatu ifanywe kuwa ada ya lazima. Kwamba vikundi vya mwethya viingize uzazi katika kanuni zao za zamu. Na kwamba maelezo yote ya uzazi yatolewe kwa Kiswahili na Kikamba fasaha. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kuigwa kutoka mbali. Siku ya tatu ilikuwa siku kuu Ukambani kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa, na mwethya ulikuwapo kabla ya kaunti. Watoto wataendelea kuzaliwa usiku, asubuhi na wakati wa mvua, na wengine wataitwa Kyalo. Lililo muhimu ni kuwa jina hilo litokane na babu, na si kwa sababu mama alikosa wa kumfikisha.